Homa Si Meno

Nani kati yetu hajaachiwa mtoto likizoni, mama akielekea soko la Kibuye? Basi soma haya.

Mtoto wa shangazi yangu, hapa Nyalenda, alishikwa na homa akiwa na miezi saba. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na mbu si mchezo. Udenda ulimtiririka, alitafuna kila kitu, na jino moja lilikuwa likichungulia. Nyanya akasema, "Ni meno tu hayo, wacheni." Tukawacha. Usiku wa tatu degedege likampata mikononi mwangu. Macho yakapinduka, nikapiga mayowe. Jirani mwenye bodaboda akatukimbiza hospitali. Damu ikapimwa: malaria! Alilazwa siku nne, akapona.

Daktari hakutugombeza, alitufunza. Meno ya utoto aghalabu huanza karibu na miezi sita, mawili ya mbele chini yakitangulia, hadi yatimie 20 mtoto akikaribia miaka mitatu. Lakini wakati huo huo kinga aliyopewa na mamake tangu tumboni huwa imepungua. Isitoshe, ndipo anapoanza kula uji, kutambaa na kutia mchanga mdomoni. Kwa hivyo maradhi na meno huja pamoja kama abiria wawili katika matatu moja, ingawa hawajuani kamwe.

Kosa hili si la nyanya zetu peke yao. Uingereza katika karne ya 19, kuota meno kuliandikwa rasmi kuwa sababu ya vifo vya watoto, na unga wa meno wenye zebaki uliuzwa huko hadi miaka ya 1950. Huku Afrika Mashariki wapo wanaochanja fizi za mtoto mwenye homa au anayehara, eti wanatoa "meno ya plastiki". Wanachokitoa ni vichipukizi vya meno halisi, na mtoto huweza kufa kwa kutokwa na damu au kwa kidonda kuingia viini.

Meno yenyewe huleta udenda, fizi nyekundu, kulialia na pengine joto kidogo tu. Nawa mikono, umsugue fizi kwa kidole, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi atafune. Yatosha.

Joto likifika digrii 38, mtoto apimwe malaria siku hiyo hiyo, maana ukanda wetu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi nchini. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya kule Homa Bay mnamo Septemba 2019, na dozi ya kwanza hutolewa kwa miezi sita, yaani majira yale yale ya jino la kwanza! Hata hivyo chandarua kisiondolewe, na wala kisigeuzwe wavu wa omena.

Akihara, aendelee kunyonya. Kama hakuna pakiti za dawa ya kuhara, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda zahanati. Lakini akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege au akilala asiamke, msingoje kuche.