Dada, Ujue Mzunguko Wako Kabla ya Kuhesabu Siku



Mwaka jana dada mmoja wa jumuiya yetu hapa Kampala, aliyeolewa akiwa bado anasoma, alinijia analia: "Nilihesabu siku salama, mbona nimeshika mimba?" Kumbe alifuata hesabu ya shoga yake mwenye mzunguko wa siku 28, ilhali wake ni wa siku 23.

Tuelewe. Kwa kawaida ovari hutoa yai kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Yai huingia kwenye mrija wa uzazi, nalo haliishi zaidi ya siku moja. Lakini mbegu za mume zaweza kuishi hadi siku 5. Basi yai la dada yetu lilitoka karibu na siku ya 9, muda mfupi tu baada ya kujitwaharisha.

Njia nyingine zipo: kondomu, vidonge, sindano ya miezi 3, kijiti na kitanzi. Sindano yaweza kuchelewesha mimba miezi kadhaa baada ya kuiacha, ila haiharibu kizazi.

Kisheria, Swahaba Jabir amepokea kwamba walifanya azl, yaani kumwaga nje, zama za Mtume (s.a.w.), na hawakukatazwa. Wanazuoni wengi wamezikisia hapo njia za muda, kwa ridhaa ya mume na mke. Kufunga kizazi kabisa bila dharura wamekukataza.

Dada yule sasa ananyonyesha. Mitihani ataimalizia mwakani, inshallah. Mlio katika ndoa, nendeni kliniki mkiwa wawili.