Somo la Robo Hii: Asidi ya Kusafishia Dhahabu Isimwagwe



Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Bariadi ni riziki ya familia nyingi. Lakini Mto Simiyu humwaga maji yake Ziwa Victoria, na wakati wa kiangazi watu huchimba visima vifupi kwenye mchanga wa mito. Kwa hiyo kinachomwagwa nyuma ya karakana ya kusafishia dhahabu kinatuhusu sote.

Asidi hufanya nini?
Dhahabu ghafi huwa na fedha na shaba ndani yake. Msafishaji huichemsha katika asidi ya naitriki. Fedha na shaba huyeyuka, dhahabu hubaki. Asidi nayo hugawanyika: nyingine hutoka kama moshi wa kahawia wenye sumu, nyingine hushikamana na fedha na shaba, nyingine hubaki huru katika maji hayo.

Hurudishwaje?
1. Moshi hupitishwa kwenye mnara wa maji pamoja na hewa, ukawa asidi tena.
2. Asidi iliyo huru hukenekwa katika mtambo uliofungwa, au hutenganishwa kwa utando maalumu unaopitisha asidi na kuzuia metali.
3. Shaba hutumika kuangusha fedha. Kisha chuma chakavu huangusha shaba.
4. Chokaa humaliza ukali uliosalia na kushusha metali kama tope.

Jambo la kuzingatia
Chokaa haiondoi naitreti. Maji yataonekana masafi, lakini naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, damu ya mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Kuyachemsha hakusaidii. Asidi inayorudishwa kutumika ni naitreti iliyozuiwa kufika kisimani.

Onyo
Hii ni kazi ya kiwanda chenye wataalamu, si ya uani. Asidi isikutane kamwe na maji ya sianidi: hutoka gesi inayoua.

Maswali kwa kamati
- Je, katika eneo letu nani husafisha dhahabu kwa asidi, na maji yake huenda wapi?
- Visima vilivyo karibu vimepimwa naitreti lini?
- Je, wachimbaji wetu wanaweza kuuza dhahabu ghafi kwa pamoja, ili isafishwe kiwandani, kama kile cha Mwanza kilichozinduliwa mwaka 2021?

Kwa wafadhili wetu: kupima maji ya kisima ni mwanzo mzuri kuliko kununua mtambo.