KUPATANA BEI YA LORI KUUKUU

Katika nchi ya Singida hakuna mtu mwenye akili anunuaye ng'ombe wa kulimia kwa kutazama rangi yake. Humfungua kinywa amwone meno, kisha humtaka atembee. Lakini twaona watu hao hao, waliolima alizeti na vitunguu miaka mingi na kuweka akiba shilingi kwa shilingi, wakienda kununua lori kuukuu na kutoa fedha siku ile ile kwa sababu limepakwa rangi mpya. Mwezi haujaisha, lori limelala chini ya mti, na ng'ombe waliouzwa hawarudi. Kwa hiyo twapenda kueleza jinsi bei ya haki inavyopatikana.

Bei haianzi kinywani mwa mwuzaji. Kabla ya kumwendea, ulizeni watu watatu wanne, Singida mjini, Manyoni au Dodoma, walionunua lori la aina hiyo na umri huo karibuni. Msiwaulize walioambiwa bei, waulizeni waliolipa. Maana bei ya kutajwa na bei ya kulipwa ni mambo mawili. Tena tazameni majira. Alizeti ikivunwa, tangu Mei hivi, kila mtu ataka gari, na mwuzaji hana haraka. Wakati wa mvua, njia za vijijini zikiwa matope, lori hukosa kazi, na mwenyewe husikiliza.

Kisha chukueni fundi wenu, asiwe rafiki wa mwuzaji wala wa dalali, nanyi mumlipe. Fikeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Mkiikuta moto yafaa mrudi siku nyingine, kwani injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikiisha kupata moto. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya oili kuungua ndani. Oili iliyo kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Laleni chini mtazame chasisi kama ina ufa au imechomelewa, kwa kuwa huo ndio uti wa mgongo. Saa ya kilometa msiisadiki sana. Mwisho lipakieni mzigo na kulipandisha kilima. Watu wa Iramba watasema wanao mlima wa Sekenke. Lakini Sekenke si mahali pa kujaribia breki msizozijua! Zijaribiwe kwanza katika tambarare.

Kila kasoro iandikwe pamoja na gharama yake. Tuseme, kwa mfano tu, lori kama hilo likiwa zima huuzwa shilingi 30,000,000. Mmekuta matairi 4 kati ya 6 yamekwisha, klachi yateleza, na pampu ya dizeli yavuja. Fundi amehesabu matengenezo shilingi 5,000,000. Basi bei ya haki ni 25,000,000. Anzeni na 23,000,000, mkimwonyesha karatasi yenu, naye akifika 25,000,000 mpeni mkono. Kutaja 10,000,000 ni kumtukana mwenye mali, na hapo masikio yake hufungwa. Naye akishikilia 29,000,000, mwageni kwa adabu mwondoke. Mara nyingi huita watu kabla hawajafika njiani. Wala msilisifu gari mbele yake, na mmoja wenu asidokeze kwamba fedha mnazo mfukoni. Twajua jambo hili ni gumu kwa mwenye hamu.

Namba za chasisi na injini sharti zilingane na kadi, na jina la kadi liwe la mwuzaji. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, kwa hiyo ziangaliwe kabla ya kulipa. Jueni pia ya kuwa kwa sheria ya mauzo, mnunuzi aliyekwisha kagua hana madai juu ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuionyesha. Fedha zipite benki, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Gharama ya kubadili jina katika Mamlaka ya Mapato, semeni mapema nani ataitoa, kwani hiyo nayo ni sehemu ya bei.