Rubondo: Kumfuata Sangara Anakokua

Watanzania wengi hukutana na sangara akiwa ameshakatwa. Mwanza wanamkuta kwenye karai la mafuta, au wananunua mapanki yaliyobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu. Dar es Salaam wanamkuta kwenye friza la duka. Wanaofunga safari na fimbo ya kuvulia ili wamkamate yuleyule akiwa hai ni wageni wa ng'ambo zaidi, na hilo linanisikitisha. Kwa wavuvi wa burudani sangara ndiye samaki wa maji baridi anayetamaniwa kuliko wengine Afrika Mashariki, na pa kumtafuta upande wetu wa Ziwa Victoria ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, ambako mwananchi analipa kiingilio cha mwananchi, kwa shilingi.

Wanachompendea kwanza ni ukubwa. Sangara anaweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Yule wa kilo 104 aliyevuliwa kwa fimbo mwaka 2000 katika Ziwa Nasser, Misri, ndiye aliyeingia kwenye vitabu vya rekodi vya kimataifa. Ziwa Victoria samaki wa makumi ya kilo hajawa hadithi bado, ilimradi uende mahali ambapo nyavu hazijamtangulia. Kuna samaki wengi wa mito ya milimani wanaosifiwa kwa ujanja wao, na anayewataka sharti ajifunze miaka. Sangara ni tofauti. Ni mlaji mkubwa, hula furu, dagaa, hata watoto wake mwenyewe, na hujibanza kwenye miamba akisubiri chochote kinachopita. Mtu ambaye hajawahi kushika fimbo anaweza, asubuhi yake ya kwanza, kujikuta ameunganishwa na mnyama mzito kuliko mtoto wake wa darasa la tano.

La pili ni jinsi anavyopigana. Akinasa huondoka kwa kishindo kuelekea kina au mwambani, na rili hulia. Ukimgeuza, hupanda juu ghafla, hutoa kichwa majini akiwa ameachama, kisha hukitikisa kwa nguvu hadi chambo kinaruka. Hapo ndipo wengi wanapompoteza. Mshipi ukilegea sekunde moja tu, amekwenda.

Kwa nini Rubondo

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Kwao ni Mto Nile chini ya Maporomoko ya Murchison, Ziwa Albert na Ziwa Turkana, na maporomoko yale ndiyo yaliyokuwa yakimzuia kupanda. Alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima. Kabla yake walikuwapo furu wa aina zipatazo 500. Wanasayansi wanakadiria kwamba aina kama 200 zimetoweka, kwa kuliwa na yeye na pia kwa maji kuchafuka na kupungukiwa hewa. Mgeni anapaswa kulijua hili kabla hajamsifia samaki wake, kwa sababu wazee wa mialoni wanaokumbuka ngege na ningu wakiwa tele watamwambia bila kumung'unya maneno.

Sasa yeye mwenyewe amegeuka kuwa anayewindwa. Viwanda vinataka minofu, na bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, linauzwa ghali hadi Uchina. Ndoana za migonzo na nyavu za makila hutandazwa usiku na mchana, na sangara wengi hunaswa kabla hawajazaa hata mara moja. Rubondo ni kati ya mahali pachache ambapo amepewa nafasi ya kuzeeka. Kisiwa hiki kilichopo kusini magharibi mwa ziwa kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na mpaka wake unaingia majini: kati ya kilomita za mraba 457 za hifadhi, karibu nusu ni maji. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi humo. Samaki hutaga kwenye ghuba zake zenye matete, wanakua, kisha wengine hutoka na kuwafikia wavuvi wa nje. Anayeruhusiwa kuvua ndani ya mpaka ni mwenye kibali cha uvuvi wa burudani, kwa fimbo na mshipi, akiwa na watu wa hifadhi.

Kufika

Kutoka Mwanza, ondoka alfajiri. Tangu Juni 2025 huhitaji tena kukaa kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, kwani Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 linakuvusha hadi Busisi kwa dakika chache. Endelea kupitia Geita hadi wilaya ya Chato, kisha Muganza na bandari ndogo ya Kasenda, ambako boti ya hifadhi inakuchukua. Kuvuka kutoka hapo ni kama nusu saa. Unaweza pia kuvukia Nkome, upande wa Geita, lakini safari ya majini inakuwa ndefu zaidi, na mimi nisingeichagua nikiwa na watoto. Wenye uwezo huruka kwa ndege ndogo hadi kiwanja cha kisiwani.

Panga boti mapema. Piga simu hifadhini siku kadhaa kabla, sema unataka kuvua, na uulize ni boti gani itakuwepo, kwa kuwa boti hizohizo ndizo zinazobeba watalii wa sokwe na askari wa doria. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokelewi kwa fedha taslimu. Utapewa namba ya malipo, ulipe kwa simu au benki. Malizana na kibali cha kuvua ukiwa bado bara, mahali penye mtandao wa uhakika. Malazi ya gharama nafuu ni mabanda ya hifadhi pale Kageye. Beba chakula chako, maana hakuna soko kisiwani.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinapendwa na wageni wengi kwa sababu njia za msituni ni kavu. Kwa uvuvi kina kasoro moja: upepo wa kusini huchafua ziwa siku nzima, na boti ndogo hulazimika kujificha upande wa kisiwa uliokingwa. Wakati wa mvua maji hutulia kwa saa nyingi, ila dhoruba za usiku na alfajiri zinatisha kweli. Nahodha akisema leo hatutoki, usibishane naye. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa tangu gati hadi gati, hata kama wewe ni mwogeleaji hodari.

Vifaa na uvuvi wenyewe

Maduka ya karibu na Mwaloni Kirumba, Mwanza, yanauza ndoana na nailoni za wavuvi wa kazi, ambazo ni imara. Fimbo nzuri, rili yenye breki laini na samaki bandia wa kuburuta ni afadhali utoke navyo nyumbani. Fimbo iwe fupi na ngumu. Mshipi mkuu ustahimili angalau kilo 25, na mbele yake funga kipande cha nailoni nene cha mita moja na nusu hivi. Sangara hana meno ya kukata, ila taya zake ni kama msasa. Anasugua mshipi dakika kumi, ishirini, hadi unakatika, na vifuniko vya mashavu yake vina makali yanayoweza kuchana hata kiganja. Vaa glavu.

Njia inayotumika zaidi ni kukokota. Boti inakwenda polepole sambamba na ufuko wa miamba, samaki bandia wa sentimita 15 hadi 20 wanafuata nyuma wakizama mita chache. Mwombe nahodha apite karibu na ncha za mawe na mahali ambapo kina kinashuka ghafla. Saa nzuri ni tangu kunapopambazuka hadi jua linapoanza kuchoma, na tena jioni. Samaki bandia hao wana ndoana tatutatu, na boti ikipiga wimbi zinaingia mkononi kwa urahisi, basi bana ncha zake za kunasia kwa koleo kabla ya kuanza. Hilo linamsaidia samaki pia wakati wa kumwachia.

Chambo hai ni njia nyingine. Wavuvi wa ziwani hutumia furu au kambare mdogo, nao wanajua wanachofanya. Hata hivyo ndani ya hifadhi uliza kwanza kinachoruhusiwa, na usilete chambo hai kutoka maji mengine. Historia ya ziwa hili inatosha kukueleza kwa nini.

Akinasa, boti isimame. Inua fimbo, mwache akimbie, ukaze breki kidogo kidogo. Ukiona mshipi unapanda kwa pembe, ujue anakuja juu: teremsha ncha ya fimbo hadi karibu na maji na uvute bila kulegeza, ili asipate nafasi ya kutikisa kichwa hewani. Zungusha rili kwa subira.

Kumwachia au kumla

Hapa nina msimamo. Sangara mkubwa karibu kila mara ni jike, na jike la namna hiyo hutaga mayai kwa mamilioni. Kumuua ili upigwe picha naye akining'inia ni hasara kwa kila mtu anayekula kutoka ziwani. Mwachie. Lakini kumwachia kuna kanuni zake, kwa sababu samaki huyu anahitaji hewa nyingi majini na huchoka haraka akitolewa nje. Asilazwe kwenye sakafu ya boti. Mshike taya ya chini kwa glavu akiwa bado majini kando ya boti, mtoe ndoana kwa koleo, piga picha ya haraka, kisha mshikilie akielekea mbele huku boti ikisogea taratibu hadi aondoke kwa nguvu zake.

Usivue kina kirefu. Sangara aliyevutwa ghafla kutoka chini sana bondo lake hufura na hawezi kuzama tena, hata ukimwachia kwa nia njema. Baki kwenye kina kisichozidi mita 10 hivi, na miamba ya Rubondo inakupa nafasi tele hapo.

Wa kula chagua wa wastani, aliyevuka sentimita 50, kwani sangara wa chini ya urefu huo hatakiwi kuvuliwa kisheria, na uthibitishe na askari mliye naye kwamba kibali chako kinakuruhusu kumchukua. Nyama ya sangara ina mafuta mengi, ndiyo maana wavuvi humbanika kwa moshi badala ya kumwanika juani. Mkaange na limau na chumvi, kisha mrosti kwa nyanya. Ugali wa udaga unamfaa kuliko wali. Kichwa kichemshwe peke yake, kwa tangawizi na pilipili, kinywewe supu asubuhi kabla ya kutoka tena.

Samaki wengine, na tahadhari

Anayemvua sangara tu anakosa nusu ya ziwa. Kwa watoto, ndoana ndogo na nyungunyungu kwa ajili ya sato kwenye mwalo wa kijiji kabla ya kuvuka ni furaha ya uhakika, mkishaomba ruhusa kwa viongozi wa mwalo. Sato naye ana kipimo chake, sentimita 25. Mbofu hushika zaidi usiku, karibu na chini, na watu wengi wa ziwani wanamwona mtamu kuliko sangara. Nakubaliana nao. Mapezi yake yana miiba, basi mshike kwa uangalifu. Kamongo, anayepumua hewa na kuweza kuishi kwenye tope, ana meno ya kweli: asisogezwe karibu na vidole, na nailoni peke yake haimtoshi.

Usisimame majini kuvua. Mamba na viboko wapo pande zote za kisiwa, na maji ya ukingoni yenye majani yana konokono wa kichocho. Msituni kuna ndorobo, nao hufuata rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki au kijani kilichopauka, mikono mirefu. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima.

Saa za mchana jua linapochoma na sangara wakigoma, weka fimbo kando. Nzohe, swala wa kwenye matete, anaonekana Rubondo kwa urahisi kuliko karibu kokote nchini, na fisi maji huogelea karibu na mawe. Sokwe wa msituni ni kizazi cha wale walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, na kuwafuata kunahitaji kibali kingine na miguu ya kutembea.

Ukishanogewa na ukataka kumwona sangara kwao kwenyewe, safari inayofuata ni Uganda, chini ya Maporomoko ya Murchison. Kule anavuliwa kutoka ukingoni, kwenye maji yanayokwenda kasi, na mkondo unamsaidia dhidi yako. Anza Rubondo, ukijifunza kwenye maji yaliyotulia, ndipo uende huko ukiwa umeshajua jinsi anavyotikisa kichwa.