Bili ya Hospitali Haipunguzi Ushuru, Lakini Bima Inaweza

Tuseme mwaka jana ulilipa hospitali Sh80,000 kwa simu. Sasa unajaza ritani kabla ya Juni 30 na unajiuliza: hizi pesa si zinipunguzie ushuru?

Hapana. Kwa mfanyakazi wa kawaida Kenya, bili uliyolipa mfukoni haiingii popote kwenye ritani, hata ukiwa na risiti zote. (Mwenye cheti cha msamaha kwa sababu ya ulemavu ana utaratibu wake.) Ushauri mwingi wa mtandaoni unahusu Marekani, ambako gharama zinazozidi asilimia 7.5 ya mapato zinaweza kuondolewa. Usiufuate ukiwa kwenye iTax.

Kinachohesabiwa hapa ni pesa ulizotoa kabla ya kuugua.

Ya kwanza ni SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara. Tangu Desemba 2024 makato hayo huondolewa kwanza, ndipo ushuru ukokotolewe. Wa mshahara wa Sh50,000 hukatwa Sh1,375, na kwa kuwa yuko kwenye kiwango cha asilimia 30, ushuru wake unashuka kwa karibu Sh412 kwa mwezi. Mwajiri ndiye hufanya hesabu hiyo. Wewe angalia tu peislipu.

Ya pili ndiyo wengi huiacha mezani: nafuu ya bima. Ukijilipia bima ya afya, yako, ya mke au mume, au ya mtoto, asilimia 15 ya malipo inatolewa kwenye ushuru wenyewe, mradi isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Unalipa Sh2,000 kila mwezi? Hiyo ni Sh3,600 kwa mwaka. Bima uliyomkatia mama kijijini haihesabiwi, ingawa wewe ndiwe unayelipa. Inauma, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Stetimenti ya simu inaonyesha kwamba ulilipa, lakini haitoshi. Iombe kampuni ya bima cheti cha malipo ya mwaka. Ndicho chenye PIN ya kampuni, nambari ya bima na jumla uliyolipa, na iTax itakuuliza vyote. Nakala mpe pia mwajiri, ili nafuu ianze kuonekana kila mwezi. Kama tayari iko kwenye P9 yako, ritani haitakuletea pesa nyingine juu yake.