Maneno Niliyokimbia Nayo

Binti yangu wa kwanza aliishi siku chache tu, katika materinite, yaani wodi ya wazazi, moja ya ukanda wetu wa Ziwa Kivu, kati ya Sake na Minova. Alizaliwa kabla ya wakati wake. Jina lake sitaliandika hapa kwa sababu ni la nyumbani, lakini alipewa jina, na tunalitaja. Kwetu Kirotshe, katika ukanda huo, kilio hakikosi watu. Wanakuja, wanaketi, wanasema. Kuna waliyoyasema yakanisaidia kuamka kesho yake, na kuna yaliyonirudisha kitandani. Haya ninayoandika ni ya mama aliyefiwa, na zaidi ni ya wale watakaoingia nyumbani kwake.

1. "Mungu atakupa mwingine" haifariji, hata kama ni kweli

Aliyeniambia hivyo wa kwanza ni mama mkwe wangu. Sikumjibu, kwa heshima, na pia kwa sababu nilijua naye amezika watoto wachanga enzi ambazo hakuna aliyemuuliza chochote. Hayo ndiyo maneno aliyopewa yeye, akanipa na mimi. Lakini masikioni mwangu yalimaanisha kwamba aliyekufa ameshasogezwa pembeni ili kumpisha anayekuja. Baadaye Mungu alinipa wengine, na ninamshukuru kila siku. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa ili achukue nafasi ya dada yake.

Wengine walisema afadhali amekwenda mapema, sijamzoea. Mimi nilianza kumzoea siku alipocheza tumboni nikiwa nasahihisha daftari za wanafunzi.

Yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa huku kwetu, alifika kutoka Bweremana jioni. Alisubiri watu wapungue, akaosha vyombo, kisha akaketi kando yangu na kuuliza: "Alifanana na nani?" Nilimwambia kwamba paji la uso lilikuwa la baba yetu na vidole vilikuwa virefu vya upande wa mume wangu. Nikamweleza jinsi alivyokuwa akikunja uso kabla ya kulia. Nilizungumza mpaka usiku ukaingia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza habari za mtoto mwenyewe. Wengine wote walikuwa wameuliza habari za kifo chake.

Tena yaya ndiye aliyeniita Mama wa yule mtoto, kwa jina lake. Huku kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Wa kwangu alipokufa, majirani walirudia kuniita mwalimu. Walidhani wananionea huruma. Yaya hakuniita mwalimu hata siku moja.

2. Maelezo ya muuguzi ni faraja pia

Mtoto akifa, sababu hutafutwa kwa mama. Alibeba mihogo mizito. Aligombana na mtu. Alikula kisicholiwa. Minong'ono hiyo inatembea haraka kuliko mtu anayeleta pole, na mama mwenyewe huipokea, kwa sababu hatia angalau ni jibu.

Kilichonitoa huko ni maelezo ya muuguzi mmoja wa kike. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanieleza taratibu: mapafu ya mtoto aliyezaliwa mapema mno hayajakomaa, mwili hauwezi kushika joto, maradhi humpata kwa urahisi. Aliniambia kwamba matatizo ya kuzaliwa kabla ya wakati yanaongoza duniani kwa kuua watoto wadogo, na kwamba mara nyingi hata daktari bingwa hawezi kusema kwa nini uchungu ulianza mapema. Kisha akasema, "Mama, si wewe." Niliyaamini maneno hayo matatu kwa sababu yalitanguliwa na maelezo. Wengi walikuwa wameniambia nisijilaumu. Yeye alinipa sababu ya kutojilaumu.

Muuguzi huyohuyo ndiye aliyekuwa ameniweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nikafungwa naye kwa kitenge. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitalini ambako mashine za joto hazikutosha, na leo inaokoa watoto wengi sehemu kama kwetu. Wangu haikumwokoa. Lakini siku zake zote alizipitisha hapo, akisikia moyo wangu, na muuguzi alinikumbusha hilo wakati nilipokuwa nasema kwamba sikumfanyia kitu.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mama aambiwe kabla hajaondoka materinite: maziwa yatakuja. Kondo la nyuma likishatoka, mwili huanza kuyatengeneza, uwe na mtoto au usiwe naye. Yangu yalijaa baada ya mazishi, usiku, nikalowa nguo. Shangazi alitaka kunifunga kitenge kifuani kwa nguvu zote kama wazee wanavyofanya. Muuguzi alikuwa amenionya kwamba kukaza hivyo kunaweza kuleta uvimbe na homa: nivae sidiria inayoshika vizuri, niweke kitambaa cha maji baridi, nikikamua nikamue kidogo tu cha kupunguza maumivu. Baada ya siku kadhaa yalipungua. Kama asingeniambia mapema, ningeamini mwili wangu umerukwa na akili.

3. Biblia ichaguliwe kwa uangalifu

Mtoto wangu alikufa alfajiri, bila ubatizo. Mtu yeyote anaweza kubatiza kwa dharura, hata asiyebatizwa mwenyewe, akiwa na maji, maneno ya Utatu na nia ya Kanisa. Lakini saa ile hakuna aliyewahi. Bibi mmoja wa parokia alinong'ona kuhusu mahali ambapo watoto wa namna hiyo hukaa, si mbinguni wala motoni. Alifundishwa hivyo utotoni, na wengi wa umri wake walifundishwa hivyo. Kwa majuma mengi sikulala vizuri.

Katekista wetu ndiye aliyenitafuta. Alinieleza kwamba fundisho lile la limbo halikuwahi kutangazwa kuwa imani ya lazima, na kwamba mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa waraka huko Roma, kwa idhini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ikisema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo wanaokolewa. Katekisimu nayo inawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na liturujia ina ibada ya mazishi kwa ajili yao. Mimi ni mwalimu; nataka kujua jambo limeandikwa wapi na nani. Katekista hakunipapasa kichwa. Alinipa mwaka na jina la waraka, na nikalala.

Wahubiri wanaokuja kwenye kilio cha mtoto hupenda kisa cha Daudi, ambaye mwanawe alikufa siku ya saba, naye akainuka, akaoga, akala. Daudi alisema kwamba mtoto hatarudi kwake ila yeye atamwendea mtoto, na tumaini hilo nimelishika. Lakini nawaomba wahubiri wasome sura nzima kabla ya kufungua kinywa. Pale mtoto anakufa kwa sababu ya dhambi ya baba yake. Mama anayetafuta kosa lake ataisikia sehemu hiyo kwanza, na yote mengine hayatamfikia.

Mimi nilikaa na Raheli wa Yeremia, sura ya 31, anayewalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Mathayo anamrudisha tena pale watoto wa Bethlehemu wanapouawa. Hakuna anayemkemea. Kwa Mathayo hakuna anayemwambia kwamba amelia vya kutosha. Kwa Yeremia, anayemwambia azuie machozi ni Mungu mwenyewe, naye anamwambia hivyo kwa ahadi.

4. Muulize baba alichokiona

Mimi sikwenda makaburini. Katika familia yetu mama aliyetoka kuzaa hubaki ndani, na mtoto mchanga huzikwa na watu wachache, upesi. Mume wangu alirudi na udongo kwenye viatu, akavivua mlangoni, na hakusema neno. Watu walimpa pole kwa kumwambia anitunze mimi. Hakuna aliyemuuliza kama yeye ana hali gani.

Ilipita muda mrefu kabla sijamwomba anisimulie. Alianza kwa shida. Alisema alimbeba mwenyewe, hakukubali mtu ampokee. Alisema mahali penyewe pako chini ya miti, juu kidogo, na ziwa linaonekana. Alisema alimfunika kwa kitenge changu cha bluu, kile nilichokuwa nakitafuta nyumba nzima. Akalia, nami nikalia, tukazungumza kama watu wawili waliofiwa na mtoto mmoja. Kaburi la binti yangu nimelipata kupitia maneno ya baba yake, na hadi leo ninalijua hivyo.

5. Andika

Nilichukua kaye, daftari la shule, nikaanza kumwandikia binti yangu. Hayakuwa mashairi. Yalikuwa mambo ya kawaida: leo samaki wa sambaza wameshuka bei, leo mvua imebomoa njia ya shuleni, leo nimemwona mtoto ambaye ungekuwa na umri wake. Siku nyingine niliandika mistari miwili, siku nyingine hasira tupu. Maneno niliyoshindwa kuyasema kwenye kilio, kwa sababu kilio kina adabu zake, yalipata pa kukaa.

Februari 2024 vita vilifika Shasha na barabara ya kwenda Goma ikakatika. Wakati huo kila mtu wa Kirotshe alijua hesabu ya kukimbia: watoto, sufuria, unga, blanketi, kadi ya mpiga kura ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Niliiweka kaye pamoja na kadi. Mume wangu aliona, hakuuliza. Tulishuka na wengine kuelekea Minova, na kaburi likabaki juu kule chini ya miti, upande ambao mabomu yalikuwa yakisikika.

Mahali tulipofikia nililala karibu na mama mmoja aliyepoteza mtoto njiani akikimbia. Hakujua hata ataeleza vipi mahali alipomzika. Lilikuwa shamba la mtu. Nilimsaidia kuandika: tarehe, mti gani, upande gani wa barabara, nani alishika jembe. Hakuwa na mtu wa kumpelekea karatasi ile. Aliikunja akaifunga kwenye ncha ya kitenge, pale tunapofungia pesa. Januari 2025 Minova nayo ikachukuliwa na waasi wa M23, kisha Sake, kisha Goma, tukatawanyika kila mtu na njia yake. Sijui karatasi ile iko wapi. Najua kwamba aliposhika kalamu mikono iliacha kutetemeka.

6. Hesabu ya dunia

Hili ni fupi. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na kwamba kila mwaka karibu milioni 1.9 huzaliwa wakiwa wamekufa baada ya juma la 28 la mimba. Sheria yetu ya familia inataka mtoto atangazwe serikalini ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Wa kwangu hakuzifikia, na hakuna karatasi ya serikali yenye jina lake. Kwa hiyo niliposoma takwimu hizo nilifurahi, kwa namna ambayo sikuitegemea. Amehesabiwa mahali fulani, katika makadirio ya mwaka wake. Tarehe 15 Oktoba, siku ambayo nchi nyingi zinawakumbuka watoto hawa, tunawasha mshumaa nyumbani na watoto wanataja jina la dada yao.

7. Jibu swali la idadi kwa ukweli unaouweza

"Una watoto wangapi?" Sokoni swali hilo huulizwa kwa wema na haraka, mtu akiwa anapima maharage. Mwanzoni nilijibu hesabu ya walio hai, na kila mara nilirudi nyumbani na uchungu. Sasa natazama anayeuliza. Kuna ambao nawajibu wawili tu, walio hai, na sioni dhambi, kwa sababu si kila mtu amestahili kumsikia. Wanangu nimewaruhusu wafanye vivyo hivyo shuleni.

Lakini kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, nikiwa na mimba iliyofuata, swali lilikuja likiwa limegawanywa: mimba ya ngapi, umezaa wangapi, wangapi wako hai. Fishi, karatasi ya kliniki, ina sehemu ya kila jibu. Nilimwambia muuguzi kwamba mimba ni ya pili, nimezaa mmoja, na hayupo. Aliandika. Kisha akaweka kalamu chini akaniuliza mtoto yule alikuwa anaitwa nani, nikamwambia, na tukaendelea kupima shinikizo la damu.