Sizoni za Kikorea na kiboko wa Ziwa Babati

SWALI: Mwanangu wa miaka 14 anawajua waigizaji wote wa sizoni za Kikorea, ila jiko la mkaa hajui kuwasha. Nimnyang'anye simu? – Mama, Babati

JIBU: Hapana, mama. Sizoni zinampanua mawazo. Ninachohofia ni yale ambayo hayamo humo. Nani wa Seoul atamwambia kwamba kiboko hutoka ziwani usiku kula majani, na ukisimama kati yake na maji umejitafutia kifo? Na si kiboko tu: tope lililoshuka Mlima Hanang alfajiri ya Desemba 3, 2023 liliua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani. Mtoto wa mkoa wenu wa Manyara lazima ajue kulihama korongo mvua ikizidi, na kutovuka maji yaendayo kasi.

Anzieni na jiko leo. Awashe jiko mwenyewe, nje, achemshe maji lita moja, yapoe. Apime vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa kwa kisu, akoroge ndani ya maji hayo. Anayeharisha hunyweshwa hayo kidogo kidogo mkielekea zahanati. Akimaliza ashike simu yake, ukae naye akusimulie hiyo sizoni.